“Nikizima napoteza vyote”: Mzazi, ijue gemu hii kabla ya kumruhusu mwanao

Saa 3 usiku mama anasema zima simu, nenda kalale. Kijana anajibu bila kuinua macho: “Mama, dakika kumi tu, nikizima sasa hivi napoteza vyote.” Katika nyumba nyingi ugomvi unaanzia hapo. Mama anaona amedharauliwa, kijana anaona hajaeleweka, na simu inaishia juu ya kabati kwa wiki nzima.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba huenda kijana huyo anasema kweli.

Zipo gemu za vita ambazo zimetengenezwa hivyo makusudi. Mchezaji hupakia begi kabla ya kuingia: bunduki, risasi, fulana ya kuzuia risasi, dawa, chakula. Akishaingia kwenye ramani, hukutana na wachezaji wengine halisi, wa nchi mbalimbali, na maadui wanaoendeshwa na kompyuta. Anatafuta vitu vya thamani, anavitia kwenye begi, kisha anakimbilia mahali palipopangwa pa kutokea kabla muda haujaisha. Akitoka salama, vyote ni vyake. Akiuawa ndani, anapoteza alivyookota na hata vile alivyoingia navyo, isipokuwa vitu vichache anavyoruhusiwa kuficha kwenye kisanduku maalumu.

Mzazi aliyecheza gololi utotoni hahitaji maelezo zaidi. Ulitoka nyumbani na gololi zako mfukoni, ukacheza, na ukishindwa aliyekushinda aliondoka nazo. Hukuweza kusema “tuanze upya”. Mpira wa kwenye PlayStation, unaochezwa katika vibanda vya mtaani, hauko hivyo: ukifungwa tano bila, mechi inayofuata inaanza sifuri kwa sifuri. Bao pia haliko hivyo, maana mchezo mpya huanza kwa kila mtu kuwa na kete zake 32. Katika gemu hizi hasara ya jana inakungoja leo.

Tofauti hiyo moja ndiyo inayobeba karibu kila swali ambalo mzazi anapaswa kuuliza kuhusu usingizi, pesa, hasira na umri. Kwa bahati mbaya wazazi wengi huuliza swali jingine, kama gemu ina bunduki au haina, wakishapata jibu wanafunga mjadala.

Zinaitwaje, na zinachezwa wapi

Iliyozipa jina gemu za aina hii ni Escape from Tarkov, kazi ya kampuni ya Battlestate Games ya Urusi. Ilianza kuchezwa kwa majaribio mwaka 2017 na toleo kamili likatoka Novemba 2025. Ni ya kompyuta, tena kompyuta yenye nguvu, na si ya bure. Hunt: Showdown ya kampuni ya Crytek ya Ujerumani inafuata mkondo huohuo, ila hadithi yake iko Marekani ya miaka ya 1890, na badala ya majeshi kuna mazimwi. ARC Raiders, kutoka Embark Studios ya Sweden, ilitoka Oktoba 2025 na inahitaji kompyuta au mashine mpya ya gemu.

Kwa Dodoma, kuanzia Area C hadi Nkuhungu na Ipagala, nyumba zenye kompyuta ya kiwango hicho si nyingi. Kilichopo karibu kila nyumba ni simu janja. Kwa hiyo majina ambayo mzazi ana uwezekano mkubwa wa kuyakuta ni ya gemu za simu, zinazopakuliwa bure: Arena Breakout, iliyoenezwa duniani mwaka 2023, Delta Force, iliyofika kwenye simu Aprili 2025, na Metro Royale, ambayo si gemu inayojitegemea bali ni sehemu iliyo ndani ya PUBG Mobile tangu mwaka 2020.

Hii ya mwisho inawapita wazazi wengi. Mzazi anaiona PUBG, anakumbuka kwamba mtoto wa jirani naye anaicheza, anaruhusu. Hajui kwamba ndani yake kuna mlango wa pili wenye kanuni nyingine kabisa. Delta Force nayo ina sehemu mbili: moja ni vita vikubwa vya timu mbili, ukifa unarudi, nyingine ndiyo hii ya begi, ukifa umepoteza. Kwa hiyo haitoshi kuuliza “unacheza gemu gani”. Uliza anacheza sehemu ipi ya gemu hiyo.

Kuna jambo lingine la kushangaza kidogo. Arena Breakout na Delta Force zote zinatoka katika kampuni za kundi la Tencent la China. Nchini kwao, tangu Septemba 2021, mtu aliye chini ya miaka 18 anaruhusiwa kucheza gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, na kampuni ndiyo inayowajibika kumzuia. Kijana wa Chang’ombe hapa Dodoma hana kufuli hilo. Akiwa na bando anaweza kucheza hadi jogoo awike, na kufuli pekee lililobaki ni mzazi.

Hesabu ya usiku

Gemu hizi hazina kitufe cha kusimamisha. Wachezaji wengine wako ndani, muda unakwenda, na aliyeweka simu chini ili akafungue geti anarudi kukuta ameshauawa. Raundi moja ya ARC Raiders inaweza kufika dakika 30. Katika Tarkov baadhi ya ramani zinavuka dakika 40. Kwenye simu mara nyingi raundi ni fupi zaidi, lakini bado mtu anaweza kukaa humo karibu nusu saa.

Sasa rudi kwenye saa 3 usiku. Kijana aliyeingia saa 2:50 hawezi kutoka saa 3 kamili bila hasara. Akilazimishwa, anapoteza kitu ambacho huenda alikitafuta wiki mbili. Kwake hiyo si sekunde ya kubonyeza kitufe, na hasira inayofuata haitokani na “utandawazi” wala kukosa adabu peke yake. Ndiyo maana kanuni inayofaa kwa gemu hizi si ya saa ya kuzima, ni ya saa ya kuingia. Kama kulala ni saa 3:30, basi raundi ya mwisho inaanzwa kabla ya saa 2:30, na baada ya hapo haingiwi tena, hata kama ile ya mwisho iliisha kwa dakika tano.

Hicho kipande cha mwisho ndicho kigumu. Aliyeuawa dakika ya tano ndiye anayetamani zaidi kurudi, ili arudishe alichopoteza. Mtu yeyote aliyewahi kumwona mwenye mkeka uliochanika akitafuta hela ya mkeka mwingine anaifahamu hali hiyo. Hasara inavuta kuliko ushindi. Mzazi anayekubaliana na mwanawe saa ya kuingia lazima akubaliane naye pia kwamba usiku wa kuuawa ndio usiku wa kuacha.

Kiafya, kinachopotea kwanza ni usingizi. Wataalamu wa usingizi wanashauri vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa siku. Mwanafunzi wa shule ya kutwa anayeamka saa 11 alfajiri ili awahi daladala anapaswa kuwa amelala saa 3 usiku ili apate hizo 8. Akilala saa 6 usiku amepata saa 5. Na hata akizima simu saa 5, mwili uliokuwa vitani haulali palepale: moyo umekwenda mbio, mwanga wa simu uko machoni, na kichwa bado kinapanga njia ya kutokea. Kumpa mwili muda wa kutulia, kama saa moja hivi bila simu, ni sehemu ya hesabu. Mwaka wa kidato cha pili au cha nne, ambao mitihani yake ya taifa hufanyika Novemba, hesabu hiyo inabana zaidi.

Umeme na mtandao navyo vina nafasi yao. Umeme ukikatika, kompyuta inazimika na raundi imekwenda. Bando likikata katikati, ni hivyohivyo. Gemu ikishapakuliwa hula data kidogo kuliko kutazama video, lakini kuipakua na kupokea masasisho yake ni gigabaiti kadhaa kila mara, na kwa familia inayonunua bando la wiki hilo linaonekana mara moja. Kijana mwenye simu ya chaji inayoisha haraka, kwenye mtaa ambao mtandao unayumba, atapoteza kwa sababu ambazo si kosa lake. Kama nyumbani hali ni hiyo, gemu za aina hii zitamletea hasira zaidi kuliko burudani, na hiyo pekee ni sababu ya haki ya kumshauri achague nyingine.

Je, zitamfanya awe mkatili?

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu lake halina utamu wa kutosha kuwa mahubiri. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, APA, mwaka 2020 kilirudia msimamo wake: kuna uhusiano mdogo kati ya gemu za vita na tabia kama kufoka na kusukumana, lakini hakuna ushahidi wa kutosha wa kusema kwamba gemu ndizo zinazowafanya watu wafanye uhalifu wa kikatili. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa Februari 2019, uliowahusisha vijana 1,004 wa Uingereza wa miaka 14 na 15 pamoja na walezi wao, haukuona uhusiano kati ya muda wa kucheza gemu za vita na ukali wa vijana hao.

Hiyo haimaanishi kwamba umri hauna maana. Nchi za Ulaya zina mfumo wa alama za umri unaoitwa PEGI, na alama hizo huonekana pia kwenye maduka ya programu. Hunt: Showdown ina alama ya 18. ARC Raiders, ambako maadui wengi ni mashine zisizotoka damu, ina alama ya 16. Namba hizo hazipimi ugumu wa gemu, zinapima kinachoonekana na kusikika. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuwa hodari wa kulenga kuliko baba yake na bado picha ya mtu akivuja damu ikamfuata kitandani. Kabla ya kubonyeza “pakua”, shuka chini kidogo kwenye ukurasa wa gemu utaiona alama yake. Inachukua sekunde kumi.

Uhalisia wenyewe unastahili kuangaliwa kwa jicho la afya, kwa sababu ndicho kinachosifiwa. Katika Tarkov mwili wa mchezaji umegawanywa sehemu saba: kichwa, kifua, tumbo, mikono miwili na miguu miwili. Kila sehemu inaumia kivyake. Kuna kuvuja damu kidogo na kuvuja damu nyingi, kuna mfupa kuvunjika, kuna kiu na njaa. Kila jeraha lina dawa yake, na mchezaji asiyebeba bendeji anakufa kwa jeraha ambalo lingefungwa. Arena Breakout imefuata njia hiyohiyo kwenye simu.

Kwa namna fulani inafundisha. Kijana anayejua kwamba damu nyingi inaua haraka, na kwamba kuizuia ndilo jambo la kwanza, amejua kitu ambacho wengi wanaokusanyika kwenye ajali ya bodaboda hawakijui. Tatizo liko kwenye kipengele cha pili. Katika gemu hizo mchezaji aliyevunjika mguu anameza dawa ya maumivu na kuendelea kukimbia. Anajidunga sindano, maumivu yanapotea, anarudi vitani. Katika mwili halisi dawa ya maumivu haiungi mfupa, na anayetembelea mguu uliovunjika anaweza kuharibu mishipa ya damu na ya fahamu iliyo jirani. Mguu huo unatulizwa, unafungwa kwa kitu kigumu usicheze, mgonjwa anapelekwa hospitali. Mzazi anaweza kumuuliza mwanawe swali hilo wakati wa chakula: “Hivi kwenye gemu yenu mtu akivunjika mguu mnafanyaje? Na wewe ukimkuta mtu barabarani utafanyaje?” Ni mazungumzo mazuri, na ni nadra kijana kukataa kueleza gemu yake anapoona anasikilizwa kweli.

Masikio, na sauti za wageni

Katika gemu za kawaida za risasi macho ndiyo yanayofanya kazi kubwa. Katika hizi za kujificha na kunyemelea, masikio yana kazi kubwa vilevile. Mchezaji husikiliza nyayo juu ya majani, mlango uliofunguliwa ghorofa ya pili, mtu akijaza risasi. Ili asikie hayo anavaa hedifoni na kuongeza sauti. Kisha ghafla, katika sauti hiyohiyo iliyopandishwa, inapigwa bunduki.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kwamba kwa mtu mzima kusikiliza sauti ya desibeli 80 kusizidi saa 40 kwa wiki; kwa mtoto kiwango kinashuka hadi desibeli 75 kwa muda huohuo. Sauti ikipanda kidogo tu, muda salama hupungua haraka sana. Januari 2024 jarida la BMJ Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 14 zilizohusisha zaidi ya watu 50,000, na waandishi wake wakaonya kwamba viwango vya sauti ambavyo wacheza gemu husikiliza mara nyingi hukaribia au kuvuka mipaka hiyo. Usikivu uliopotea kwa kelele haurudi. Dalili ya mapema ni mlio masikioni baada ya kuvua hedifoni, na kijana hatausema asipoulizwa. Kipimo rahisi cha nyumbani: ukisimama hatua moja kutoka kwake na kusikia milio ya risasi ikitoka kwenye hedifoni alizovaa, sauti ni kubwa mno.

Kupitia hedifoni hizohizo zinaingia sauti za watu. Gemu nyingi za aina hii zinaruhusu mchezaji kuzungumza na yeyote aliye karibu naye ndani ya ramani, si wenzake wa timu tu. Wachezaji wanaipenda sehemu hiyo, kwa sababu mtu anaweza kuomba asiuawe, akadanganywa, akasaidiwa, akacheka na mgeni wa Misri au Brazil. Lakini mtoto wa miaka 12 anayeomba asiuawe anasikika kuwa ni mtoto wa miaka 12.

Hili si la kutisha watu bure. Utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa Tanzania na UNICEF, ECPAT na INTERPOL na kutolewa mwaka 2022, ulikadiria kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamekumbana na vitendo vizito vya unyanyasaji wa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja, sawa na watoto wapatao 200,000. Utafiti huo ulihusu intaneti kwa jumla, si gemu peke yake. Namna ya kuanza lakini huwa inafanana: mtu mpole anayekusaidia, anakupa silaha nzuri bure, anakuita mdogo wangu, kisha anasema tuhamie WhatsApp. Hapo ndipo mtoto anapaswa kujua, kabla hayajatokea, kwamba atakapomwambia mama au baba hatanyang’anywa simu. Anayeogopa kunyang’anywa hasemi. Sehemu ya sauti ya wageni inaweza kuzimwa kwenye mipangilio ya gemu, na kwa mtoto mdogo ni bora izimwe. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure nchini kote, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Bure ambayo si bure

Kampuni haitoi gemu ya bure kwa huruma. Katika gemu hizi hasara ndiyo inayofungua pochi: umepoteza bunduki nzuri, duka liko hapo, bei yake si kubwa, na kesho unaweza kuipoteza tena. Arena Breakout: Infinite, toleo la kompyuta, ilipofunguliwa mwaka 2024 wachezaji wengi walilalamika kwa sababu fedha ya ndani ya gemu, iitwayo Koen, iliweza kununuliwa kwa pesa halisi, mwenye hela angeingia na silaha ambazo mwingine anazitafuta siku tatu. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, watengenezaji wa Tarkov walitangaza toleo la dola 250 na kuwakasirisha hata wateja wao wa zamani.

Kwa mzazi jambo la kuangalia ni njia ambayo pesa inapita. Simu ambayo akaunti yake ya duka la programu imeunganishwa na kadi ya benki, au na kadi pepe iliyotengenezwa ndani ya huduma ya pesa kwa simu, inaweza kununua bila mtu kuhesabu noti. Duka hilo lina sehemu ya kudai nywila kwa kila manunuzi. Iwashwe, na nywila isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, maana anaujua. Kama familia imeamua kumruhusu kijana atumie kiasi fulani kutoka kwenye hela yake ya matumizi, kiwe kiasi kinachojulikana kwa mwezi, kisichoongezwa kwa sababu amepoteza.

Kwa familia zilizogawanyika

Dodoma ina hali yake. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, wapo wafanyakazi wengi wanaofanya kazi Mtumba wakati familia zimebaki Dar es Salaam au kwingine. Treni ya SGR iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 imepunguza umbali, lakini Jumanne usiku haimfikishi baba sebuleni. Mzazi wa namna hiyo huongoza kwa simu, na rungu lake huwa ni moja tu, kumwambia mama wa watoto “mnyang’anye”. Mama ndiye anayebaki na ugomvi.

Kuna njia nyepesi zaidi. Siku ya mwisho wa wiki akiwa nyumbani, baba akae pembeni ya kijana atazame raundi moja nzima, kuanzia kupakia begi hadi kutoka au kufa. Asiongee sana. Aangalie saa ilipoanza na ilipoisha, asikilize sauti zinazoingia, aone kijana anavyokuwa anapouawa: anacheka, anatikisa kichwa, au anapiga meza. Nusu saa hiyo itamweleza zaidi ya yote yaliyoandikwa hapa, na Jumanne akipiga simu atajua cha kuuliza.

Kutokana na anachokiona, uchaguzi si mgumu kama unavyoonekana. Kwa mtoto wa shule ya msingi, gemu za aina hii hazifai, na haihitaji mjadala mrefu. Mpira, mbio za magari na gemu za kujenga zipo na raundi zake ni fupi. Kwa wa miaka 13 hadi 15, kama anazitamani gemu za vita kwa sababu wenzake wanacheza, zile ambazo ukifa unarudi, kama sehemu ya vita vya timu ndani ya Delta Force, zinampa marafiki walewale bila mzigo wa begi, mradi mzazi ameiona alama ya umri na kuiridhia. Wa miaka 16 na kuendelea anayelala vya kutosha na anayeweza kuuawa akacheka anaweza kujaribu gemu ya begi wikendi. Tarkov na Hunt waachiwe watu wazima. Wanafunzi wa vyuo, na Dodoma ina maelfu yao, hawaombi ruhusa ya mtu, lakini hesabu ya usingizi na ya boom ni ileile.

Lini ni ugonjwa

Kucheza sana likizoni si ugonjwa. WHO iliingiza tatizo la gemu katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, na ikaweka masharti matatu: mtu ameshindwa kudhibiti uchezaji wake, gemu imepewa nafasi ya mbele kuliko mambo mengine ya maisha, na anaendelea hata baada ya kuona madhara. Tena hali hiyo iwe imevuruga masomo, familia au kazi, na kwa kawaida iwe imedumu angalau miezi 12, ingawa ikiwa kali muda huo unaweza kufupishwa.

Kwa hiyo kijana aliyefungua shule na kurudi kwenye ratiba yake hana ugonjwa huo. Aliyeacha kula na wenzake, anayeiba hela ya bando, ambaye matokeo yameporomoka muhula hadi muhula na bado usiku wa manane mwanga unaonekana chini ya shuka, huyo anahitaji kuonwa na mtaalamu. Wakati mwingine gemu si chanzo. Inaficha huzuni, uonevu shuleni au misiba ya nyumbani, na kuiondoa bila kuuliza kunaondoa pazia tu.

Hapa wakazi wa Dodoma wana bahati wasiyoitumia. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko mjini kwao, wakati watu wa mikoa mingine husafiri kuifuata. Lakini jina Mirembe limegeuzwa kuwa tusi na kitisho cha watoto: “nitakupeleka Mirembe”. Mzazi aliyelitumia hivyo kwa miaka kumi anapata tabu kulitaja kwa maana nyingine mwanawe anapougua kweli. Anaweza kuanzia kwingine: mwalimu wa ushauri nasaha shuleni, afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, au daktari wa kituo cha afya cha jirani, ambaye ataandika rufaa ikihitajika. Akienda, abebe maelezo yanayomsaidia daktari: kijana analala na kuamka saa ngapi, amekosa shule siku ngapi, anakula vipi, na mabadiliko yalianza mwezi gani. Jina la gemu nalo liandikwe kwenye karatasi hiyohiyo.